Mwache Mzee Achoke

Katika nyumba zetu nyingi, heshima ya mzee hupimwa kwa kazi anazokatazwa. Bibi akinyanyuka kufuata maji, mjukuu anamuwahi: kaa bibi, nakuletea. Akishika fagio, fagio linapokonywa kwa adabu. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo naye hulelewa kwa huruma ya aina hiyohiyo: hubebwa hata pale ambapo angejikokota mwenyewe, hulishwa hata pale ambapo angefikisha kijiko mdomoni na nusu ya uji ikamwagika kifuani, na kipindi cha michezo kikifika shuleni huachwa chini ya mwembe alinde sweta za wenzake. Wanaofanya hivyo wana nia njema, na ndiyo sababu jambo lenyewe ni gumu kulisema. Mzee huyu na mtoto huyu hawana ugonjwa mmoja, wala umri mmoja, wala matumaini mamoja, lakini wana hasara moja: jamii imewasamehe jasho. Ninachokitetea hapa ni kwamba msamaha huo unawadhoofisha kuliko tunavyokiri, na kwamba programu ya mazoezi yenye msimamizi ina faida hasa pale msimamizi anapokuwa mtu wa kuongeza mzigo. Wengi wetu tunamdhania kuwa ni mlinzi wa kumshika mtu asianguke. Kumshika ni sehemu ya kazi yake, tena sehemu ndogo.

Tuanze na kitanda. Mwaka 1966 watafiti wa Dallas, Marekani, waliwalaza vijana watano wenye afya, wa umri wa miaka 20, kwa wiki tatu mfululizo, wakapima jinsi uwezo wa miili yao ulivyoporomoka. Miaka 30 baadaye wanaume walewale watano walirudi kupimwa, sasa wakiwa watu wazima wa makamo. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2001 yalionyesha kwamba zile wiki tatu za kulala ziliwapunguzia uwezo wa kufanya kazi ya mwili kuliko miaka 30 ya kuongezeka umri. Watu watano ni wachache mno kujengea kanuni ya watu wote, na wote walikuwa wanaume. Lakini utafiti ule unatutia shaka ambayo haiondoki: kiasi gani cha tunachokiita uzee ni miaka, na kiasi gani ni kiti? Mzee aliyetoka hospitalini baada ya nimonia, akaambiwa apumzike, akapumzika miezi miwili, halafu magoti yakakataa, ukoo mzima husema umri umemfikia. Pengine ni ile miezi miwili iliyomfikia.

Jibu la wazi zaidi lilitoka Boston. Mwaka 1990 daktari Maria Fiatarone na wenzake walichapisha walichokifanya na wakazi kumi wa nyumba ya kutunzia wazee, watu dhaifu ambao wastani wa umri wao ulikuwa miaka 90. Watu wa umri huo, zikipatikana programu zozote kwa ajili yao, kwa kawaida hupewa mpira laini wa kuminya na wimbo wa kupigia makofi. Wale wa Boston walikalishwa kwenye mashine ya kunyooshea goti, wakapimwa uzito mkubwa kabisa ambao kila mmoja angeweza kuunyanyua mara moja tu, kisha wakafanyishwa mazoezi kwa uzito uliofikia asilimia 80 ya huo. Mara nane, pumziko, mara nane tena, pumziko, mara nane. Siku tatu kwa wiki, wiki nane, na uzito ukipandishwa kadiri nguvu zilivyopanda. Tisa walimaliza. Nguvu za miguu yao ziliongezeka kwa wastani wa asilimia 174, na misuli ya paja yenyewe ikanenepa kwa asilimia tisa hivi. Wawili waliweka fimbo zao pembeni. Kati ya watatu ambao mwanzoni hawakuweza kuinuka kitini bila kujisukuma kwa mikono, mmoja aliweza. Huyu mmoja nampenda kuliko ile asilimia 174, kwa sababu anatuonyesha pia wawili ambao hawakuweza. Mazoezi si miujiza.

Kundi la watu kumi lisilo na la kulinganisha nalo huacha maswali, kwa hiyo miaka minne baadaye walikuja na watu 100, wastani wa umri miaka 87, waliogawanywa kwa bahati nasibu. Wiki kumi za mazoezi mazito ziliongeza nguvu kwa asilimia 113, mwendo wa kutembea kwa karibu asilimia 12, na nguvu za kupanda ngazi kwa zaidi ya robo. Katika utafiti huohuo baadhi walipewa kinywaji cha lishe bila mazoezi, na kinywaji peke yake hakikusaidia chochote katika udhaifu wao. Hapa ndipo familia zetu zingepaswa kusimama kidogo. Mtoto anayefanya kazi mjini, akisikia mama amedhoofika, kitu cha kwanza kutuma ni hela ya maziwa, mayai na supu. Ni vyema, na mwenye njaa hajengi misuli. Lakini mwili hauna sababu ya kuyageuza mayai hayo kuwa msuli kama hakuna kazi inayoudai msuli huo.

Kwa vijana wenye ulemavu historia ilipinda zaidi, maana huko hofu ilivaa joho la utaalamu. Kwa miongo kadhaa, chini ya mafundisho ya Karel na Berta Bobath wa London, wataalamu wengi wa fiziotherapia waliamini kwamba mtoto mwenye mtindio wa ubongo na misuli iliyokakamaa hapaswi kusukuma uzito, kwa sababu juhudi kubwa ingezidisha kukakamaa. Hivyo walimshika, walimnyoosha, walimwelekeza, na nguvu zake wakaziacha kama zilivyo. Miaka ya 1990 Diane Damiano wa Marekani na wenzake waliijaribu imani hiyo kwa vipimo. Katika kazi yake na Mark Abel ya mwaka 1998, watoto 11 walifanya mazoezi ya nguvu kwa wiki sita. Waliongezeka nguvu na wakatembea kwa kasi zaidi, na tafiti zilizofuata hazikuona mkakamao ukizidi kama ilivyoogopwa. Ukifikiria ni watoto wangapi walikua wakiwa dhaifu kuliko walivyolazimika kuwa, kwa ajili ya tahadhari ambayo hakuna aliyekuwa ameipima, unaacha kuiona tahadhari kama jambo lisilo na gharama.

Hata hivyo upande huu una ushahidi unaokera, na sitaki kuupita kwa mguu mwepesi. Mwaka 2013 Nicholas Taylor, Karen Dodd na wenzao wa Australia walichapisha utafiti wa vijana 48 wenye mtindio wa ubongo, ambapo kundi moja lilifanya mazoezi ya uzito mara mbili kwa wiki kwa wiki 12, likisimamiwa. Nguvu za misuli iliyolengwa zilipanda. Umbali waliotembea kwa dakika sita haukubadilika. Wenyewe waliona wanatembea vizuri zaidi, ila saa na futi hazikukubaliana nao. Mwaka huohuo Nora Shields na wenzake wa Melbourne nao walitoa matokeo ya vijana 68 wenye sindromu ya Down: baada ya wiki kumi waliofanya mazoezi walikuwa na nguvu zaidi, na baadaye walijishughulisha zaidi kimwili, lakini katika majaribio ya kazi, kama kupakia masanduku, hawakuwazidi wengine. Mpinzani atauliza, basi nguvu hizo za nini? Ni swali la haki. Jibu langu ni kwamba mwili hujifunza kile hasa unachofanyishwa. Ukimkalisha kijana kwenye mashine, atakuwa hodari wa mashine. Kama shida yake ni kupanda daladala lenye ngazi ya juu, mzigo uwekwe kwenye ngazi ya juu. Tafiti zile zinaibomoa programu inayonakiliwa kwa kila mtu bila kuuliza anataka kufika wapi. Hazikusema mtu aachwe akae.

Sasa tumtazame msimamizi akiwa kazini. Zoezi la kawaida kuliko yote ni kuinuka kitini na kukaa tena. Linaonekana jepesi hadi uone watu wanavyoliiba. Mmoja anajisukuma kwa mikono akidhani haonekani. Mwingine anajirusha mbele ili mwendo umbebe. Wa tatu anainuka vizuri lakini anapokaa anajibwaga, na kule kushuka polepole ndiko kunakomjengea paja la kumzuia asianguke chooni. Kijana ambaye upande mmoja wa mwili wake ni dhaifu atauegemeza uzito wote kwenye mguu mzima, na baada ya mwezi mguu mzima umenona na ule mwingine uko palepale. Msimamizi anayejua kazi yake anaona nyayo ziko wapi, anasogeza mguu dhaifu nyuma kidogo ili ulazimike kushiriki, anahesabu kushuka kwa sauti, na anaangalia midomo na macho: nani ana kizunguzungu, nani anabana pumzi, nani anasema sijambo huku ameshika kifua. Kisha, na hapa ndipo kazi yake inapoanza hasa, mtu akishafikisha mara kumi bila taabu, anampa kiti kifupi zaidi, au mfuko wa mchanga wa kukumbatia. Nyumbani hakuna atakayefanya hivyo. Mke hatafanya, mtoto hatafanya, na mhusika mwenyewe akiwa peke yake ataishia pale palipo raha. Mapitio ya tafiti za wazee yaliyochapishwa mwaka 2017 yaliona kwamba mazoezi ya nguvu na ya usawa wa mwili yanayosimamiwa yalileta mafanikio makubwa kuliko yaleyale yakifanywa bila msimamizi.

Pingamizi ninalolisikia zaidi Afrika Mashariki ni hili: mazoezi ni ya watu wa ofisini, bibi zetu wanalima, wanateka maji, wanachuchumaa chooni na kuketi mkekani, hawahitaji mtu wa kuwahesabia. Lina ukweli mkubwa. Kuchuchumaa na kuinuka mara kadhaa kwa siku, au kwenda kwenye sijda na kurudi katika rakaa kumi na saba za faradhi, ni kazi ya misuli ambayo mzee wa kochini haipati. Lakini kazi ya shamba haimuulizi mtu nguvu zake ni kiasi gani leo. Inampinda mgongo uleule kwa saa sita, haiongezeki wala kupungua kwa mpango, na mwaka anaovunjika kiwiko inaendelea kudai bila huruma hadi aiache yote kwa mpigo. Hapo katikati, kati ya jembe na kitanda, hakuna kitu. Anahamia mjini kwa mwanawe, anawekewa choo cha kukalia na kiti cha kuswalia, na ile kazi iliyokuwa ikimlinda inaondoka siku moja na vyombo vyake. Kijana mwenye ulemavu hata hiyo kazi ya shamba kwa kawaida hakuwahi kupewa.

Hatari je? Mtu wa miaka 85 mwenye presha, kumpa uzito si kumuua? Utafiti mkubwa wa Marekani uliotangazwa mwaka 2014 unasaidia kujibu. Watu 1,635 wa miaka 70 hadi 89, wakaao sana, waligawanywa: nusu wakapewa mazoezi ya kutembea, nguvu na usawa wa mwili, nusu wakapewa masomo ya afya. Walifuatiliwa kwa wastani wa miaka 2.6. Waliopoteza uwezo wa kutembea mita 400 walikuwa asilimia 30.1 upande wa mazoezi na 35.5 upande wa masomo. Matukio mazito ya kiafya yaliripotiwa kwa asilimia 49.4 ya kundi la mazoezi na 45.7 ya kundi la masomo. Tofauti hiyo ya pili kitakwimu ingeweza kuwa ya bahati tu, na wanaofanya mazoezi huonwa na wahudumu mara nyingi zaidi, kwa hiyo maradhi yao hugunduliwa zaidi. Bado nisingemwambia mtu kwamba hakuna hatari. Ningemwambia aiweke mizani upande wa pili pia, maana kukaa nako huua. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kuanguka huua watu 684,000 kila mwaka, zaidi ya asilimia 80 yao katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Huko Otago, New Zealand, wanawake 233 wa miaka 80 na zaidi walifuatiliwa mwaka mzima. Waliofundishwa mazoezi ya miguu nyumbani walianguka mara 88, wasiofundishwa mara 152.

Huo mpango wa Otago unajibu pia suala la fedha na uhaba wa wataalamu, ambalo ndilo pingamizi zito kuliko yote. Mtaalamu wa fiziotherapia hakuishi kwa yule bibi. Alimtembelea mara nne katika miezi miwili ya mwanzo, akamwachia vizito vya kufunga vifundoni, kisha akawa anampigia simu. Baadaye, mwaka 2001, ilionyeshwa kwamba hata muuguzi aliyefunzwa kazi hiyo aliweza kupunguza kuanguka kwa asilimia 46 kwa watu wa miaka 75 na zaidi. Melbourne, wale vijana wenye sindromu ya Down walisimamiwa na wanafunzi wa fiziotherapia katika ukumbi wa mazoezi wa mtaani, miongoni mwa wateja wengine. Kwetu kuna wahudumu wa afya ya jamii, kuna walimu wa michezo, kuna wanafunzi wa vyuo vya afya wanaohitaji saa za mafunzo kwa vitendo. Wapo pia watu wa klabu za jogging wanaokusanyika Jumamosi alfajiri Dar es Salaam na Mombasa. Zanzibar ina siku yake ya kitaifa ya mazoezi kila Januari 1. Mwaka 2016 Samia Suluhu Hassan, wakati huo Makamu wa Rais wa Tanzania, alihimiza Jumamosi ya pili ya kila mwezi iwe ya mazoezi. Utashi upo. Ila anayeongoza umati kwa kipaza sauti jukwaani hamuoni mzee wa mstari wa nyuma anayeshika ukuta, na kijana wa kiti cha magurudumu, akialikwa, hualikwa kupiga picha. Tofauti kati ya hamasa na programu ni kama kuna mtu anayejua kwamba wiki iliyopita fulani aliinuka mara nane.

Kuna jambo moja ambalo watetezi wa mazoezi, nami nikiwemo, hulisahau: hiari. Vijana wengi wenye ulemavu wamekua wakishikwashikwa na kunyooshwa tangu uchanga, bila kuulizwa, na kila mchezo wao uligeuzwa tiba. Kuwaongezea msimamizi mwingine mwenye daftari kunaweza kuwa mwendelezo wa uonevu uleule. Ludwig Guttmann, daktari aliyefungua kitengo cha majeruhi wa uti wa mgongo Stoke Mandeville, Uingereza, mwaka 1944, alilielewa hili mapema. Wagonjwa wake walikuwa watu ambao wakati ule walitarajiwa kulala hadi wafe. Aliwapa mazoezi, naam, lakini mwaka 1948 aliwapa pia upinde, mshale na mpinzani; washindani 16 wa siku ile ndio mwanzo wa safari iliyofika kwenye Paralimpiki. Mtu anayetaka kushinda huuomba mzigo mwenyewe. Kwa kijana wa miaka 17 ukumbi wenye vijana wenzake na muziki anaoupenda unaweza kuwa na nguvu kuliko chumba cha hospitali chenye vifaa bora. Mzee naye aulizwe anataka nini. Wa kwanza atataka kurudi kuswali chini, wa pili kwenda sokoni peke yake, na wa tatu atasema hataki chochote, na huyo aachwe baada ya kuelezwa vizuri, maana ni mtu mzima.

Katika utafiti ule wa Boston kuna sentensi ambayo hainukuliwi sana na wanaoupenda. Baada ya wiki nane, wazee waliacha mazoezi kwa wiki nne tu, na theluthi hivi ya nguvu zao, asilimia 32, ikapotea. Hii inabadili hesabu yote ya namna tunavyoendesha mambo haya. Mradi wa miezi sita wenye fulana, bango na mpiga picha unaweza kuandika ripoti nzuri ya mafanikio, yote ya kweli, na kabla ripoti haijachapishwa yakawa yameyeyuka. Wanachohitaji watu hawa ni kitu kisicho na siku ya kufunga: ukumbi wa kata au wa dini wenye viti imara, mifuko ya mchanga ya uzito tofauti, daftari, na mtu aliyefunzwa anayelipwa kutoka bajeti ya halmashauri au kaunti kama anavyolipwa mwalimu. Gharama yake ni ndogo kuliko ya kutibu nyonga zilizovunjika, lakini ni ya kila mwezi, na gharama za kila mwezi hazikatiwi utepe. Kwa hiyo siku ya uzinduzi, hotuba zikiisha, mgeni rasmi aulizwe ni nani atakayelipwa kufungua ukumbi Jumanne ya mwezi wa kumi na tatu.